Constantinos Doxiadis: Mgiriki aliyeichorea Riyadh njia zake

Riyadh na Jeddah, miji miwili mikubwa kabisa ya Saudi Arabia, kila mmoja una mtaa unaoitwa Al-Safa. Jina hilo ni la kilima cha Makka ambapo mahujaji huanzia kusai kuelekea Marwa, na ni nadra kumkuta Mwislamu asiyelijua. Jina ni kongwe, lakini mitaa yenyewe ni ya juzi. Miaka mia moja iliyopita Riyadh ulikuwa mji mdogo wa nyumba za udongo uliozungukwa na ukuta, na Jeddah ilikuwa bandari yenye ukuta wake, ambao haukubomolewa hadi mwaka 1947. Pale zilipo leo Al-Safa zote mbili palikuwa nje ya mji.

Mgeni anayeitembelea mitaa ya miji hiyo iliyojengwa tangu miaka ya 1970 hukuta barabara pana zilizonyooka kama zilizopigwa rula, viwanja vya mraba, na nyumba nyingi zilizosimama kila moja peke yake ndani ya ukuta wake. Akiinua macho ataona jambo jingine. Juu ya kuta nyingi pameongezwa mabati au plastiki ngumu, ili jirani aliye ghorofani asiweze kuchungulia uani kwa mwenziwe.

Mabati hayo hayakuwamo katika ramani ya mtaalamu yeyote. Yaliwekwa na wakaazi wenyewe, baada ya wataalamu kuondoka. Ukitaka kujua kwa nini, huna budi kurudi nyuma hadi kwenye maisha ya mtu mmoja ambaye hakuwa Msaudi wala Mwarabu, na ambaye jina lake lilivuma duniani katika miaka ya 1960: Constantinos Apostolou Doxiadis, mtaalamu wa mipango miji kutoka Ugiriki.

Mtoto wa waliohama

Doxiadis alizaliwa mwezi Mei mwaka 1913 katika mji wa Stenimachos, ambao leo unaitwa Asenovgrad na upo Bulgaria. Wakati huo ulikuwa na jamii kubwa ya Wagiriki. Vita vya Balkani viliyafanya maisha ya Wagiriki wa eneo hilo kuwa magumu, na familia yake, kama nyingine nyingi, ikahamia Ugiriki. Alikuwa bado mtoto mchanga.

Baba yake, Apostolos Doxiadis, alikuwa daktari wa watoto ambaye pia alishika nyadhifa serikalini na kushughulikia ustawi wa wakimbizi. Kazi hiyo haikuwa ndogo. Baada ya Ugiriki kushindwa na Uturuki mwaka 1922, zaidi ya watu milioni moja walimiminika nchini humo kutoka Asia Ndogo wakiwa na mabunda vichwani. Athens na bandari yake ya Piraeus zilizungukwa na vibanda na nyumba za haraka haraka. Kijana Constantinos, aliyekuwa na umri wa miaka tisa au kumi, aliyaona hayo kwa macho yake. Aliona kwamba mji unaweza kuongezeka ghafla bila ya mtu yeyote kuuandaa, na kwamba gharama ya kutouandaa hulipwa na walio wanyonge.

Alisomea usanifu majengo na uhandisi katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Athens na kuhitimu mwaka 1935. Mwaka uliofuata alipata shahada ya udaktari mjini Berlin, kwa utafiti juu ya namna Wagiriki wa kale walivyopanga mahekalu na viwanja vyao. Hoja yake ilikuwa kwamba wajenzi wa zamani walipanga majengo kwa kufuata jicho la mtu aliyesimama mlangoni. Mtu huyo aliona nini na hakuona nini, hilo ndilo lililoamua jengo likae wapi. Ni muhimu kulikumbuka jambo hili, kwa sababu miaka 30 baadaye swali la nani anamwona nani ndilo lililokuja kuiandama kazi yake huko Arabuni.

Vita, madaraka na shamba la nyanya

Mwaka 1937, akiwa na umri wa miaka 24 tu, alipewa dhamana ya mipango ya mji wa Athens na vitongoji vyake. Vita Vikuu vya Pili vilipoingia Ugiriki alivaa sare za jeshi, na nchi ilipokaliwa na Wajerumani, Wataliano na Wabulgaria alijiunga na wapiganaji wa siri. Wakati huohuo alifanya kazi ambayo haikuwa na bunduki. Yeye na wenzake walikusanya takwimu za kila kijiji kilichochomwa, kila daraja lililovunjwa na kila nyumba iliyobomolewa, ili siku ya amani ikifika nchi ijue pa kuanzia.

Siku hiyo ilipofika, takwimu zilikuwa tayari. Kuanzia mwaka 1945 aliongoza shughuli za ujenzi mpya serikalini, na baadaye akawa mratibu wa mpango wa kuifufua Ugiriki uliogharimiwa na Marekani kupitia Mpango wa Marshall. Vijiji vilijengwa upya kwa maelfu ya nyumba, na mara nyingi wanavijiji walipewa vifaa wakajenga kwa mikono yao.

Lakini siasa ina wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliondoka madarakani, akiwa pia amedhoofishwa na maradhi, na akahama na familia yake hadi Australia. Mtu aliyekuwa akisimamia mamilioni ya dola alijikuta katika nchi ambayo vyeti vyake havikumpa kazi, akalima nyanya. Walioishi ugenini wanaijua hali hiyo: unaweza kuwa na elimu ya kujenga nchi nzima, na bado ukahesabiwa kwa mavuno ya msimu mmoja. Hakukaa sana. Mwaka 1953 alirejea Athens na kuanzisha kampuni yake, Doxiadis Associates, ambayo katika muda wa miaka kumi ikawa miongoni mwa kampuni kubwa za mipango miji duniani.

Elimu ya makaazi

Doxiadis aliamini kwamba wasanifu majengo, wahandisi, wachumi na wanajamii, kila mmoja akifanya kazi peke yake, hawawezi kuuelewa mji. Alitaka iwepo elimu moja ya makaazi ya binadamu, kuanzia chumba cha mtu mmoja hadi dunia nzima. Aliipa jina la Kigiriki, ekistiki. Ndani yake aliweka mambo matano: maumbile, binadamu, jamii, majengo, na mitandao kama vile barabara, maji na umeme.

Kuanzia mwaka 1963 alikuwa akiwaalika wanazuoni mashuhuri kwenye meli iliyozunguka visiwa vya Ugiriki, wakijadili mustakabali wa miji na kumalizia safari katika kisiwa cha Delos. Miongoni mwao walikuwamo mwanaanthropolojia Margaret Mead, mtaalamu wa mawasiliano Marshall McLuhan na mvumbuzi Buckminster Fuller.

Wazo lake linalotuhusu zaidi hapa ni lile la mji unaokwenda. Doxiadis aliona kwamba miji mingi hukua kama mduara: kitovu kinabanwa pande zote, magari yanaongezeka, na mwishowe mji wa kale unabomolewa ili kupisha ofisi na maegesho. Yeye alipendekeza mji uachiwe ukue kwa kuelekea upande mmoja, ukijivuta kama mto, na kitovu chake kisogee pamoja nao. Kwa njia hiyo mji wa kale ungebaki mahali pake bila kuguswa, na watu wapya wangepata nafasi mbele. Katika karatasi lilikuwa wazo la kuokoa vyote viwili, ukuaji na asili ya mahali.

Baghdad, Islamabad na rafiki kutoka Misri

Katikati ya miaka ya 1950 serikali ya kifalme ya Iraq ilimwajiri kupanga mradi mkubwa wa nyumba. Mjini Baghdad kampuni yake ilichora mitaa iliyogawanywa katika jamii ndogo na kubwa, kila moja na soko, shule na msikiti wake. Kwa kundi la nyumba chache uliwekwa uwanja mdogo wa kupigia soga, uwe badala ya kichochoro walichozoea watu waliotoka vijijini. Nia ilikuwa njema. Lakini uwanja wa soga uliochorwa ofisini si sawa na baraza iliyozuka yenyewe mbele ya nyumba ya mzee fulani, kwa sababu ya mzee huyo. Mapinduzi ya mwaka 1958 yaliuangusha ufalme na kazi ya kampuni nchini humo ikakatishwa. Mtindo wa mitaa ya mraba hata hivyo ulibaki, na ndio uliofuatwa katika mji wa Al-Thawra, ambao leo unaitwa Sadr City.

Katika miaka hiyohiyo alifanya kazi naye mjini Athens msanifu majengo wa Misri, Hassan Fathy, bingwa wa nyumba za udongo. Fathy aliamini kwamba nyumba lazima ianzie kwa fundi wa mahali na udongo wa mahali, na kwamba hakuna familia mbili zinazofanana. Doxiadis aliamini kwamba dunia inaongezeka watu kwa kasi ambayo haimsubiri fundi. Hawakuwa maadui, bali kila mmoja alikuwa na nusu ya ukweli, na baada ya miaka michache Fathy alirudi kwao.

Mwaka 1960 ulikamilika mpango kabambe wa Islamabad, mji mkuu mpya wa Pakistan. Hapo Doxiadis alipata ardhi wazi na serikali iliyokuwa tayari kumsikiliza. Aliugawa mji katika miraba ya takriban kilomita 2 kwa 2, kila mmoja ukijitegemea kwa soko, shule na bustani, na magari ya mwendo kasi yakipita pembeni. Barani Afrika kampuni yake ilifanya kazi katika mji wa bandari wa Tema nchini Ghana. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960, serikali iliyotaka mpango wa mji wake mkuu haikuweza kuacha kulisikia jina lake.

Riyadh, 1968

Ndipo Saudi Arabia ilipomwita. Ilikuwa zama za Mfalme Faisal. Riyadh ulikuwa na takriban watu 300,000 na ulikuwa umeshaanza kutawanyika ovyo. Ukuta wake wa kale ulikuwa umebomolewa karibu na mwaka 1950. Katika miaka ya 1950 serikali ilijenga mtaa wa Malaz kwa ajili ya watumishi wake waliohamishwa kutoka Makka, na huko ndiko wakaazi wa Riyadh walikoona kwa mara ya kwanza barabara za mraba na nyumba zilizotengana, kila moja katikati ya kiwanja. Nyumba hizo zikawa alama ya maendeleo. Mwenye uwezo alitaka ya namna hiyo, na sheria za ujenzi zikaanza kuzifuata.

Kampuni ya Doxiadis ilitia saini mkataba mwaka 1968. Kazi ilianza kwa uchunguzi wa hali ya mji, kisha ukafuata mpango wenyewe, ambao serikali iliuidhinisha mwaka 1973. Upande wa magharibi Bonde la Hanifa liliuzuia mji, kwa hiyo Doxiadis aliuelekeza kaskazini, akiweka uti wa mgongo wa biashara kutoka mji wa kale kwenda huko. Pande mbili za uti huo alitandaza miraba ya kilomita 2 kwa 2, kila mmoja na misikiti, shule na maduka yake. Mji huo ulikusudiwa kubeba watu milioni 1.4 ifikapo mwaka 2000.

Anayepita leo baina ya Barabara ya Mfalme Fahd na Mtaa wa Olaya, kwenye minara mirefu ya Riyadh, anapita juu ya mstari uliochorwa Athens. Ni ramani chache duniani zilizotiiwa kiasi hicho.

Mafuta yalipopanda

Mwaka uleule wa kuidhinishwa mpango, bei ya mafuta duniani ilianza kupanda, na katika muda wa miezi michache ikawa imeongezeka mara nne. Hakuna mtaalamu aliyelitarajia hilo. Fedha zilimwagika, na wafanyakazi wakamiminika kutoka Asia, nchi za Kiarabu na Afrika. Katikati ya miaka ya 1970 serikali ilianzisha mfuko wa kuwakopesha raia fedha za kujenga nyumba bila riba, marejesho yakiwa ya miaka 25. Aliyekopa alijenga kwa kufuata kanuni iliyokuwepo: kiwanja cha mraba, nyumba katikati, na nafasi ya kuachwa pande zote.

Mji ulilipita lengo la mwaka 2000 zaidi ya miaka kumi kabla ya wakati wake. Kabla hata miaka ya 1970 kwisha, kampuni ya Kifaransa ilikuwa imeshaitwa kuurekebisha mpango. Miraba iliendelea kuzaa miraba.

Hapo ndipo kosa lilipoonekana. Katika Riyadh ya zamani nyumba ziliegemeana ukuta kwa ukuta, na kila moja ilifungukia ndani, kwenye ua wake. Madirisha ya nje yalikuwa machache na ya juu. Ilikuwepo kanuni iliyojulikana na wote, kwamba mtu haruhusiwi kumdhuru jirani, na kumchungulia jirani ni kumdhuru. Aliyetoboa dirisha lililotazama uani kwa mwenziwe aliweza kupelekwa kwa kadhi na kuamriwa kuliziba. Kanuni hiyo haikuandikwa katika ramani yoyote. Iliwekwa na majirani wenyewe, nyumba kwa nyumba, kwa karne nyingi, na ndiyo iliyoupa mji sura yake.

Nyumba ya katikati ya kiwanja iligeuza mambo. Ua ulitoka ndani ukawa nje, umeizunguka nyumba, na kila dirisha la ghorofani likawa linatazama ua wa mtu mwingine. Mwenye nyumba alifuata sheria ya manispaa kikamilifu, na kwa kuifuata akaivunja kanuni ya ujirani. Wengine waliziba madirisha yao moja kwa moja. Wengine walipandisha mabati juu ya ukuta. Msomi wa Kisaudi, Saleh al-Hathloul, aliyeandika tasnifu yake ya udaktari nchini Marekani mwaka 1981, alilichambua jambo hili kwa kina, na baadaye akawa naibu waziri wa mipango miji nchini mwake.

Haitakuwa haki kumtwisha Doxiadis mzigo wote. Nyumba za aina hiyo zilikuwepo kabla yake, na wakaazi wengi walizitaka. Lakini mpango wake ulichukua mtindo wa mtaa mmoja wa watumishi wa serikali ukaufanya kuwa sura ya mji mzima. Wahenga walisema kitanda usichokilala hujui kunguni wake. Wataalamu wa Athens walihesabu nyumba, magari na vichwa vya watu kwa uangalifu mkubwa. Yale ambayo majirani walikuwa wakiambiana kuhusu dirisha hayahesabiki.

Na mji wa kale, ule ambao wazo la mji unaokwenda lilikusudia kuuokoa? Haukubomolewa wote kupisha ofisi, ni kweli. Lakini wenyewe waliufuata uti wa mgongo kwenda kaskazini, wakaziacha nyumba za udongo kwa wafanyakazi wa kigeni wenye kipato kidogo. Nyumba ya udongo isiyokandikwa kila mwaka haidumu. Sehemu kubwa ya Riyadh ya zamani iliporomoka kwa kuachwa.

Jeddah ilipita njia nyingine

Jeddah haikupangwa na Doxiadis. Mpango wake wa mwaka 1973 ulitoka kwa kampuni ya Uingereza ya Robert Matthew na wenzake. Nayo pia ilijaa barabara pana na mitaa ya mraba, Al-Safa ikiwa mmojawapo. Tofauti ni kwamba wataalamu hao walitakiwa pia kuziorodhesha nyumba za kale za Al-Balad, zile ndefu za mawe ya matumbawe zenye roshani za mbao. Msomaji wa Kiswahili haitaji kufasiriwa neno hilo: ni lilelile linalotumika huko Jeddah, na mwenye kuijua Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar angejihisi yupo kwao. Meya Mohamed Said Farsi, mhandisi aliyeuongoza mji huo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi 1986, aliipa orodha hiyo nguvu, na Hassan Fathy yuleyule alichora huko nyumba mpya kwa mtindo wa kale kwa ajili ya familia ya Nassif.

Hata hivyo orodha haikutosha kuwabakisha watu. Wenye nyumba walihamia mitaa mipya, wapangaji wakasongamana, na majengo kadhaa yaliungua au kuanguka. UNESCO iliingiza Al-Balad katika Urithi wa Dunia mwaka 2014. Kisha, kuanzia mwishoni mwa mwaka 2021, mamlaka za Jeddah zilibomoa mitaa mingi iliyokua bila mpango. Shirika la Amnesty International liliripoti mwaka 2022 kwamba mitaa zaidi ya 60 ilihusika, na kwamba wakaazi wa kigeni waliachwa nje ya mpango wa fidia. Miongoni mwao walikuwamo watu walioishi hapo kwa vizazi. Nao pia walikuwa na majirani, mabaraza na kanuni zao, ingawa hakuna aliyeziorodhesha.

Mwisho wake

Doxiadis hakuyaona hayo. Katika miaka yake ya mwisho alipatwa na maradhi ya mishipa ya fahamu yanayolegeza viungo mmoja baada ya mwingine. Mikono ikakataa, kisha miguu, kisha sauti. Aliendelea kuandika kwa msaada wa wenzake karibu hadi mwisho, na katika vitabu vyake vya miaka hiyo alirudia tena na tena kwamba mji lazima upimwe kwa kipimo cha binadamu anayetembea. Mfalme Faisal aliuawa mwezi Machi mwaka 1975. Doxiadis alifariki dunia mjini Athens tarehe 28 Juni mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 62. Nyaraka zake zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Benaki mjini humo.

Riyadh iliendelea bila yeye, na kidogo kidogo wenyewe wakaanza kuikalia meza ya michoro. Mamlaka ya maendeleo ya mji huo iliundwa mwaka 1974. Kituo cha Al-Kindi katika mtaa wa mabalozi, kazi ya wasanifu wa Kisaudi Ali Shuaibi na Abdul-Rahman Hussaini, kilirudisha kiwanja kilichozungukwa na vivuli na msikiti uliounganika na soko, na mwaka 1989 kikapata tuzo ya Aga Khan pamoja na bustani za mtaa huo. Bonde la Hanifa, lililokuwa limegeuzwa jalala, lilisafishwa na kupata tuzo hiyohiyo mwaka 2010. Mwezi Desemba 2024 treni za mjini zilianza kupita katika mji ambao sasa una watu karibu milioni 7, mara tano ya wale ambao Doxiadis aliwaandalia nafasi.

Somo kwa miji yetu

Mwaka 1973 Riyadh ilipoidhinisha mpango wake, Tanzania nayo iliamua kuhamishia makao makuu Dodoma, na mpango wa kwanza wa mji huo ulichorwa na kampuni kutoka Toronto nchini Canada. Kabla ya hapo, majengo marefu ya Michenzani yalianza kupanda Ng'ambo ya Zanzibar kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Leo miji ya Afrika Mashariki inakua kwa kasi ambayo Doxiadis angeitambua mara moja, na serikali nyingi bado zinaagiza ramani kutoka mbali.

Hakuna ubaya kumwita mgeni mwenye ujuzi. Doxiadis alikuwa sahihi kwamba mji usioandaliwa huwaumiza wanyonge kwanza. Alilijua hilo tangu utotoni, katika vibanda vya wakimbizi wa Piraeus. Mji uliompa muda na ardhi aliuandalia njia ambazo bado zinapitika. Alichokosa ni kuwaachia wakaazi sehemu ya kalamu. Asili ya mahali haikai katika nakshi za mlango peke yake. Hukaa pia katika mapatano ya majirani: dirisha litazame wapi, baraza iwe ya nani, kichochoro kifungwe saa ngapi. Mpango unaoyachukua mapatano hayo yote na kuyafungia ofisini, hata ukiwa mzuri kiasi gani, utakuja kusahihishwa na wakaazi kwa mikono yao wenyewe, tena kwa vifaa watakavyovipata.

Wakaazi wa mitaa mipya ya Riyadh na Jeddah walipata mabati.